Maji ya Kumpokea Tajiri

Nikisikia kiongozi redioni anasema miji yetu lazima ivutie wawekezaji, naongeza sauti, halafu nacheka peke yangu jikoni. Hutaja barabara, hutaja umeme, hutaja maji. Laiti angejua habari ya maji! Sisi wa Newala tuliwahi kumvutia tajiri mmoja kwa maji, nusura tumpoteze siku hiyohiyo, na mkono uliomwaga maji yale ulikuwa huu wangu.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina mume na mtoto mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Aliyezaliwa baadaye hawezi kuijua furaha ya siku zile. Tulizoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, na ukikipata unakikata vipande kwa uzi ili kifike mwisho wa mwezi. Mara maduka yakafunguka. Kukawa na khanga za kila rangi, betri za redio, sukari ya kununua mchana kweupe bila kibali cha mtu. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, watu wazima wakainama kuchagua wakicheka kama watoto. Nilikuwa naamka mapema niende sokoni hata kama sina senti, nione tu leo kumeshuka nini. Moyo ulikuwa haukai.

Lakini ruksa hiyo ilikuwa na upande wa pili. Kiwanda kikubwa cha kubangua korosho, kilichojengwa zamani kwa mashine za kigeni, kilikuwa kimefungwa, na popo ndio waliobaki kazini. Korosho zetu zikawa zinaondoka ghafi, na maganda yake, zikabanguliwe huko ng'ambo. Na vijana wetu wakaondoka nyuma yake. Walikwenda Dar es Salaam kuuza soksi na vitana barabarani, na huko wote wakaitwa Machinga, jina la kabila moja la kusini kwetu, hata yule ambaye ukoo wake haujawahi kuonana na Mmachinga.

Mume wangu naye alikuwa amekwisha kununua begi. Hakuwa mtu mbaya. Kwetu Wamakonde wa zamani mwanaume huhamia kwa mkewe, na mikorosho tuliyookotea ilikuwa ya ukoo wa mama yangu. Kila alipokula ugali alijiona anakula wa wakwe. "Msimu ukiisha, mimi ninakwenda," aliniambia jioni moja, taratibu, huku amempakata mtoto. Afadhali angegomba, maana kugombana najua. Nikakaa nikihesabu wiki. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kazi ipatikane Newala kabla mikorosho haijamaliza kuangusha.

Habari ililetwa na mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na ambaye neno lake nyumbani kwetu lilikuwa halirudishwi. Aliingia uani akiwa amefunga vifungo vyote vya shati, nikajua kuna jambo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Keti."

Akaeleza. Kuna tajiri kutoka Mtwara anatafuta mji wa kufungua karakana ya kubangua korosho. Hataki mashine. Anataka mikono ya watu, wanawake kwa wingi, na wanaume wachache wa kukaanga. Anataka ghala tupu na watu wanaojua kazi. Atatazama Newala, kisha atateremka kutazama Masasi, halafu ataamua. Ghala la zamani la kijiji lilikuwa limekaa bure, na wazee walikuwa wamemchagua mjomba awe mkuu wa kamati ya mapokezi.

"Masasi!" nilisema. "Masasi wana nini zaidi ya mawe?"

"Wana njia panda," mjomba alisema. "Wana mabasi. Na visima vyao viko mlangoni."

Hapo ndipo tulipojikwaa. Mtu asiyejua Newala yetu ya wakati ule sharti aelezwe. Tumekaa juu ya uwanda, upepo safi, ardhi nyekundu, mikorosho inastawi, lakini maji yako chini bondeni. Bomba lilikuwapo, na lilitoa maji siku lilipopenda. Miezi ya korosho ndiyo miezi ya ukame, na ndoo moja ilikuwa safari ya kuteremka na kupanda mpaka magoti yatetemeke. Kwa hiyo kwetu mgeni wa heshima alipimwa kwa maji. Wa kawaida alipewa ya kunywa. Mpendwa alipewa ya kuoga. Na mgeni mkubwa kabisa, kama mkwe anayekuja kwa mara ya kwanza, alinyunyiziwa uwanja mzima ili vumbi lisimguse miguu. Nimekwisha kuona nyumba iliyolala bila kupika kwa sababu maji yao yalikwenda uani kwa mgeni.

Mjomba akatoa amri: kila nyumba ndoo moja. Mimi nikatoa mbili. Nilishuka bondeni mara mbili siku moja, mtoto mgongoni, nikiimba. Asubuhi ya siku yenyewe tulifagia ghala wanawake karibu wote wa mtaa, tukatoa buibui, tukapanga magunia ya korosho za mfano ukutani ili tajiri ayaone. Kisha tukaanza kunyunyizia. Wenzangu walinyunyiza uwanja na mlango. Mimi nilikuwa na moto wangu, nikaingia ndani, nikanyunyiza sakafu yote, kona kwa kona, na pembeni mwa magunia nikamwaga zaidi, maana ndipo angesimama. Sakafu ikapoa, ikanukia udongo mpya. Mjomba alikuja kukagua akanitazama kwa fahari. Nilidhani nimekwisha kuajiriwa.

Tajiri alifika saa nne. Alikuwa mtu mzima, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na wala hakufanana na utajiri tuliomfikiria. Tulimpigia vigelegele. Akashukuru, akaingia ghalani, na mara nikamwona amesimama anainusa hewa. Akainama akagusa sakafu. Akaenda kwenye gunia la chini, akachota korosho mkono mmoja, akaziweka sikioni, akatikisa.

Kila mkulima wa kwetu anaijua ile. Korosho kavu hucheza ndani ya ganda lake, unaisikia. Zile hazikusema kitu. Sijui zilinyonya maji kiasi gani kwa saa chache zile, au labda gunia la chini lilikuwa bichi tangu mwanzo. Lakini akatikisa tena, akasubiri. Akajaribu kwa ukucha, ukucha ukazama kidogo kwenye ganda.

"Wazee wangu," akasema kwa upole, "ghala lenu lina unyevu. Korosho na unyevu ni maadui. Hapa zitaota ukungu kabla sijazibangua."

Nikamtazama mjomba. Wanawake wote wakamtazama mjomba. Neno moja tu lilihitajika: tumenyunyiza kwa ajili yako. Mjomba akainamisha macho akasema, "Tumekusikia, tajiri. Karibu chakula."

Mgeni akala ugali, kuku na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akaaga vizuri, akapanda gari kuelekea Masasi.

Nilimfuata mjomba mpaka nyuma ya nyumba yake. Nilikuwa nawaka. "Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba tumelala na kiu kwa ajili yake? Hayo ni masimango. Mgeni hasimangwi alichopewa. Ukimhesabia mgeni maji, ni sawa na kumwambia ayatapike."

"Basi kazi imekwenda."

"Imekwenda na heshima yetu imebaki."

Nilitaka kupiga kelele kwamba heshima haibebi mtoto mgongoni. Sikusema, alikuwa mjomba. Na ukweli ni kwamba nilimwelewa. Mimi mwenyewe nisingeweza kulitamka neno lile mbele ya yule mgeni, ningeona nimevuliwa nguo. Lakini pia ni mimi niliyemwaga maji pembeni mwa magunia, na jambo hilo lilinichoma kuliko yote. Nilipofika nyumbani nikamkuta mume wangu anakunja mashati yake. Alikuwa amesikia.

Nikaingia jikoni nikapanda kwenye uchaga, juu ya moto, nilikoweka korosho zangu mwenyewe, zile za kubangua na kuuzia abiria stendi. Nikatia pishi mbili kwenye kikapu. Nikatia na kibao changu cha kugongea korosho, rungu langu dogo la mpingo, na majivu katika kopo. Halafu nikarudi kwa mjomba kuomba ruhusa, maana kuondoka bila kuaga ndiyo kungekuwa ukosefu wa adabu kweli.

"Ukienda," akasema, "usimwambie habari ya maji. Niapie."

Nikaapa.

Kesho yake asubuhi nilipanda lori la korosho, mtoto nimemwachia mama. Tuliteremka uwandani kwa vumbi, tukapita upande wa Lulindi ambako watoto wa shule walitupungia, na mbele ikatokea milima ya mawe ya Masasi. Ingawa nilikwenda vitani, siwezi kusema uongo: mji ule ulinisisimua. Stendi ilikuwa inachemka. Makondakta wanaita, magunia yanapakiwa, cherehani zimepangwa barazani, redio tatu zinashindana. Nikaona wivu. Nikajiambia kwamba hii yote ni kwa sababu mtu mmoja alikuja akabaki, akaja wa pili kumuuzia chai wa kwanza, na wa tatu kumshonea nguo wa pili. Na sisi wetu tumemfukuza kwa ndoo.

Kumpata hakukuwa kazi. Kila mtu alijua aliko tajiri wa korosho. Nilimkuta mbele ya ghala moja karibu na soko, amezungukwa na wazee wa Masasi waliovaa vizuri, kila mmoja anasema zamu yake. Pembeni palikuwa na mama wa makamo anakaanga maandazi, mwenye sauti ya kusikika mpaka mlimani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Mimi natoka Newala. Jana ulikula kwetu."

"Marahaba, binti yangu. Nilikula vizuri sana. Lakini nimekwisha kuwaambia wazee wako, ghala lina unyevu."

"Sikuja na ghala," nikasema. "Nimekuja na korosho."

Nikamtilia mkononi. Akaziweka sikioni akatikisa, na zikalia. Akatikisa tena. Mzee mmoja wa Masasi akakohoa. Nikamwomba mama wa maandazi jiko lake na bati bovu, akanipa bila kuuliza. Nikakaanga. Korosho zikaanza kutoa mafuta yake makali, zikawaka moto, moshi ukawarudisha nyuma wale wazee na mashati yao meupe, nikazimwaga mchangani zipoe. Nikajipaka majivu viganjani, maana mafuta yale huunguza ngozi. Nikaketi, nikaweka kibao katikati ya miguu.

Hapo nilisahau hofu zote. Kazi hii nimefundishwa na bibi yangu kabla sijaanza shule. Unaisimamisha korosho kwa ubavu, unatafuta mshono, unagonga mara moja. Ukigonga kwa hasira, kiini kinavunjika. Ukigonga kwa woga, utagonga mara mbili, na pia kinavunjika. Nikagonga. Nzima. Nikagonga. Nzima. Watu wakasogea. Nikasikia mtu anasema, "Tazama mikono hiyo." Tajiri alikuwa amechuchumaa mbele yangu, anaokota viini kimoja kimoja, anavigeuza kwenye mwanga. Korosho nzima ndiyo yenye bei, vipande huuzwa kwa huruma, na yeye alijua hilo kuliko sisi sote.

"Wako wangapi kwenu wanaojua hivi?" akauliza.

"Kila nyumba yenye bibi," nikajibu.

"Na hizi zililala wapi mpaka zikawa kavu namna hii?"

"Newala. Upepo wa kwetu unakausha hata machozi."

Akavua miwani. "Basi mbona sakafu ya ghala ilikuwa imelowa?"

Nikainamia kibao. Niligonga korosho, na hiyo ikavunjika vipande viwili, ya kwanza kuvunjika. Nilihisi uso wote unawaka, neno liko kwenye ulimi, na kiapo cha mjomba kimekaa juu yake.

Mama wa maandazi akaangua kicheko. "Tajiri, utamngoja mpaka kesho, huyo hasemi! Hawa Wamakonde ni watani zetu sisi Wamakua, nawajua mpaka wanavyoota. Kule juu ndoo ya maji inaombewa dua. Wamekunyunyizia ghala zima kwa heshima yako, wajinga hawa, halafu hawawezi kukwambia kwa sababu kwao hayo ni masimango. Habari zao zilishuka jana na lori, tumecheka mpaka usiku. Wangekupenda kidogo zaidi wangekuogesha na korosho zako."

Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema. Mtani anayo. Mtani husema hata msibani, na hakuna wa kumkasirikia. Mzee mmoja wa kamati yao akamkemea, "Mama, unatuuzia mji?" Naye akageuza andazi akasema mji wake hauna shida, kila basi linasimama hapo, waacheni watani nao wapate kitu cha kufanya zaidi ya kubeba ndoo. Nilimpenda mama yule siku hiyo kuliko ndugu wengi nilionao.

Tajiri alisimama. Hakucheka. Aliangalia mikono yangu ya majivu. "Maji hayo," akasema, "aliyateka nani?"

"Watu," nikasema. Zaidi ya hapo sikuvuka.

Akawaambia wale wazee kwamba kupakia na kusafirisha atafanyia Masasi, kwa sababu ya njia panda. Kubangua atajaribu Newala, msimu mmoja kwanza. "Lakini mkuu wako wa mapokezi," akaniambia, "umpelekee salamu, siku nitakayohamia anipokee kwa ufagio mkavu."

Nilirudi juu ya magunia nikiimba, abiria wenzangu wakadhani nimekunywa uraka, ile pombe ya mabibo. Nilimkimbilia mume wangu nikamweleza yote kwa pumzi moja, kwamba kazi imepatikana, kwamba kwenye pipa la kukaangia wanatakiwa wanaume wenye nguvu, na kwamba nimekwisha kumtaja. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ahadi ya tajiri hailiwi," akasema. "Na mimi nikakaange korosho kwa kazi niliyoombewa na mke wangu?"

Aliondoka wiki iliyofuata, na msimu ulikuwa haujaisha. Niliumia sana, sitaki kujifanya shujaa. Nilimaliza vita na kile nilichokipigania kikapanda basi.

Karakana ilifunguliwa miezi michache baadaye. Siku ya kwanza wanawake walikuja na vibao vyao vichwani, wengine na bibi zao waliokuja kutazama tu wakaishia kukaa kufundisha. Moshi ulipanda, milio ya rungu ikajaa mtaa mzima. Kabla ya wiki mbili kulikuwa na mama wa uji mlangoni, fundi baiskeli kivulini, na kinyozi aliyeleta kioo chake kutoka nyumbani. Mjomba alikuwa anapita kila asubuhi, mikono nyuma, anakagua kama kuna aliyemwaga maji. Mimi niliwekwa msimamizi wa safu ya kwanza. Nilikuwa nafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na kusema kweli nilikuwa na furaha kubwa mchana. Jioni ndiyo ilikuwa ngumu.

Tulipata wakaangaji wawili. Mmoja aliungua akaacha, wa pili alikuwa mlevi. Katikati ya hekaheka hiyo dereva wa lori akaniletea salamu kutoka Dar es Salaam: mume wangu amepata chumba, nifunge mizigo nimfuate na mtoto. Dereva alisimama akingoja jibu, na safu nzima ya wanawake iliacha kugonga ili isikie.

"Mwambie hatuji," nikasema. "Mwambie pipa halina mtu."

Safu ikaendelea kugonga. Nilivunja korosho nyingi siku ile.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja, jua limekwisha kupanda, niliinua macho nikamwona mlangoni, amekonda, viatu vina vumbi la njia nzima. Alitazama safu za wanawake, akamtazama mtoto wetu aliyekuwa anatembea sasa kati ya vibao, akavua shati, akaenda kwenye pipa akashika koleo.

Wanawake wote walinigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi, ilibidi niseme neno. Nikamwambia amechelewa, hapa kazi inaanza saa moja. Kisha nikatoka nyuma ya ghala, nikaegemea ukuta na majivu yangu mikononi, nikalia.